Kichwa cha dhahabu pale Rusumo

Wadau, hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu. Leo nalitoa, ila sitaji jina la mtu wa nyumbani kwetu, maana Rusumo ni padogo. Ukipiga chafya sokoni, mtu wa darajani anakwambia pole.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kipo kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Rwanda. Wateja wangu ni madereva na mautingo wao, vijana wa bodaboda, watu wa ofisi za forodha, na walimu ikifika mwisho wa mwezi. Kama unataka kujua mjini kumevuma nini, usihangaike na simu. Kaa kwenye benchi la kinyozi wa mpakani nusu saa tu.

Februari 2024 alivuma Pacome Zouzoua. Yanga walikuwa na mechi na CR Belouizdad ya Algeria kwa Mkapa, Jumamosi ya tarehe 24, Ligi ya Mabingwa Afrika, wakashinde waingie robo fainali. Mechi ikaitwa siku ya Pacome. Yule bwana ana nywele zimepakwa blichi, rangi ya dhahabu, basi mashabiki nao wakaambiwa waje na vichwa vya namna hiyo. Nyie wa Dar mlipaka mkaenda uwanjani mkaonekana kwenye televisheni. Sisi huku Ngara tulipaka tukaenda kuangalia mpira kwenye vibanda umiza, na bado watu walipaka! Wiki ile nilifanya vichwa kumi na moja. Mimi ni Simba damu, lakini hela ya Yanga haina jezi.

Dereva mmoja wa kwenda Goma alikuwa amekaa kwenye benchi, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba nisishangae, kwa Waivory Coast mpira, muziki na mavazi ni kitu kimoja. Akanitajia Drogba, kwamba mwaka 2006 watu kule walikuwa wanacheza dansi iliyopewa jina lake, wakiiga anavyopiga chenga na anavyoshangilia. Muziki wenyewe ni kupe dekale, ule uliopata umaarufu kupitia marehemu Douk Saga na wenzake, vijana wa Abidjan waliokuwa Paris wakivaa vya bei mbaya na kutunza watu noti ukumbini. Halafu akaongeza, kwa maringo kabisa, kwamba midundo yenyewe waliichota kwa Wakongo. Hapo nikamwambia atulie nimalize kisogo.

Sasa Ijumaa jioni akaja mdogo wangu.

Dogo alikuwa na miaka 22. Alishapata cheti chake cha mambo ya forodha, na alikuwa anajitolea kwenye ofisi moja hapa mpakani, miezi saba bila mshahara, nauli tu. Walishamwahidi mkataba mwezi wa tatu. Nyumbani tulikuwa tunauhesabu ule mkataba kama mtu anavyohesabu mkungu wa ndizi ambao bado uko shambani.

"Kaka, na mimi nipake."

"Mzee unamjua."

"Mzee ni Simba, lazima akatae."

Nikacheka. Nikachanganya dawa, nikampaka. Na msinione mbaya, nilimtoza elfu nane kama mteja mwingine. Hili la elfu nane ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningekataa, ningekuwa kaka. Nilichukua hela, nikawa muuza blichi.

Jumamosi Yanga wakashinda 4-0. Mudathir, Aziz Ki, Musonda, Guede. Mwenye siku yake hakufunga hata moja, lakini nani aliyejali? Dogo alirudi usiku hana sauti, kichwa kinang'aa barabarani kama taa ya pikipiki.

Jumatatu ofisini akaambiwa arudi nyumbani, aje tena kichwa kikiwa cha mtu wa ofisi. Hapo angekuja kwangu dakika kumi tu, nimnyoe, yaishe. Akagoma. Akasema nywele zitatoka siku Yanga watakapotoka. Nikambembeleza, mama akambembeleza. Wiki ya pili nafasi ikaenda kwa mwingine.

Mzee hakumgombeza. Mimi ndiye aliyeacha kusalimiana naye. Kila Jumapili mzee huwa anakuja kibandani kunyolewa kipara, na mimi ndiye namnyoa tangu nilipoanza kazi hii. Jumapili tatu hakutokea. Nikasikia anavuka daraja kwenda kunyolewa upande wa pili, Rwanda. Hebu fikirini, mzee wa miaka zaidi ya sabini anavuka mpaka na kurudisha saa nyuma ili asiguswe na mikono ya mwanawe!

Mwezi wa tatu mwishoni mama alinituma nitafute karatasi za shamba kwenye sanduku la bati. Chini kabisa nikakuta picha ya studio, nyeusi na nyeupe. Kijana ana nywele za afro duara kama ungo, suruali ya bugaluu inafagia sakafu, viatu vya raizoni, shati kola kubwa. Nikamuuliza mama huyu msanii ni nani. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo ndiye niliyesimuliwa. Mimi niliolewa na mwenye kipara."

Kumbe mzee aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam ujanani. Tunaujua mji huo wa miaka ile kwa ndondo za siasa tu, lakini vijana walikuwa wanakesha na soul na fanki, James Brown ndiye mfalme wao. Na haikuwa rahisi. Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana, sketi fupi na suruali za kubana hazitakiwi, na kabla mwaka haujaisha dansi la soul lenyewe likapigwa marufuku Dar. Watu wakaendelea kuvaa hivyohivyo. Halafu 1974 Muhammad Ali akaja kupigana na Foreman Kinshasa, na James Brown akaja kuimba kwenye tamasha la mwezi wa tisa, wiki chache kabla ya pambano. Mama anasema afro ya mzee ilikuwa ya Ali na ya James Brown kwa pamoja, hata yeye mwenyewe hajui ipi ilianza.

Mwaka huohuo alikuja Ngara likizo. Babu akamwangalia, hakusema kitu, wakala vizuri. Alfajiri akamwamsha, akamkalisha juu ya kinu, akamnyoa kwa wembe, bila maji. Mzee hakufuga tena nywele.

Nilikaa na ile picha. Usiku nikawa natafuta kwenye simu kama kuna wengine, nikamkuta Oscar Gamble, mcheza besiboli wa Marekani wa miaka ileile, afro imetoka pande zote za kofia kama masikio ya tembo. Alipohamia Yankees mwaka 1976 wakamwambia anyoe kwanza ndipo avae jezi. Akanyoa. Nikafikiria kinyozi wake. Huwa hawatajwi hao.

Tarehe 5 Aprili Yanga wakatolewa na Mamelodi kwa penalti kule Pretoria, na lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba likadunda chini, mimi Simba nasema lilikuwa bao. Asubuhi yake dogo akaja mwenyewe. Mizizi ilishakuwa meusi, dhahabu imebaki juu kama kutu. Nikamnyoa. Nikamrudishia ile elfu nane, akaiweka mezani, akachukua ufagio akazoa nywele zake. Tangu siku hiyo tunafanya kazi wote kibandani. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, nakiri.

Jumapili iliyofuata mzee akasimama mlangoni. Hakunitazama. Akaenda kukaa kwenye kiti cha dogo, akavua kofia. Wale Wanyarwanda walikuwa wamemwacha muda, mvi zilishaota kidogo.

Dogo akawasha mashine, akauliza, "Zote, baba?"

Mzee akajiangalia kwenye kioo muda mrefu, lori zima likapita.

"Pembeni punguza," akasema. "Juu niachie."