Kabati la Baba

Jumatatu, 15 Januari

Leo nimeanza na Kidato cha Kwanza B. Wapo 58, madawati hayatoshi, wengine wamebanana watatu watatu. Nimewapa kifungu kifupi cha kusoma kwa zamu, habari za mama anayepanga jiko lake. Sikuwa na haja ya sarufi leo, nilitaka kuwasikia tu.

Binti mmoja wa dawati la nyuma alisimama akasoma bila kusita. Ana sauti nzuri, na anajua kupumzika penye mkato. Alipofika kwenye "vegetables" akasema ve-ge-TA-bles, kila herufi akiipa haki yake, vile vile tunavyosoma Kiswahili. Wavulana wawili waliotoka shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza wakacheka kwa nguvu. Akaketi. Hakuinua uso tena mpaka kengele ilipolia. Nimewakemea wale wawili, lakini kemeo langu halikuirudisha sauti yake.

Nimeyaandika pembeni maneno yaliyowakwaza, kama yalivyotamkwa. "Cupboard" imekuwa kap-bodi. "Wednesday" imekuwa wed-nes-dei, "knife" imekuwa ki-naifu, "island" imekuwa is-landi, "iron" imekuwa airon. Nikiitazama orodha hii sioni uvivu hata kidogo. Watoto wamesoma kilichoandikwa. Miaka saba wamefundishwa kwamba ukiiona herufi uitamke, na katika Kiswahili kanuni hiyo haijawahi kuwasaliti.

Jumatano, 17 Januari

Kicheko cha juzi kimenikumbusha usaili wangu wa kwanza wa kazi. Niliulizwa kuhusu utunzaji wa hesabu, nikasema "receipt" nikiitamka ile p. Mmoja wa waliokuwa wakinihoji alimgeukia mwenzake wakatabasamu. Hakuna aliyenirekebisha. Nilitoka nikijua kuna kitu nimekosea, nisijue ni kipi, na ilinichukua zaidi ya mwaka kugundua kwamba p ile huandikwa tu, haisemwi. Kazi sikupata. Sidhani kama ni kwa sababu ya herufi moja, ila namna ile ya kumwona mtu akikosea na kumwacha aondoke na kosa lake sijaisahau mpaka leo.

Jumamosi, 20 Januari

Nimeshinda kwa Baba. Nilimkuta karakanani, ameinamia mbao za mtiki alizoletewa kutoka Muheza, randa inakwenda na maranda yanajikunja miguuni pake kama riboni. Ana oda ya kabati la nguo la milango miwili. Bawaba zimepangwa juu ya gazeti, misumari iko ndani ya kopo la maziwa. Nikamwamkia, akaniitikia bila kusimamisha mkono: "Marahaba, mama. Nishikie hapo."

Nikashika ubao. Akasema, "Hili kabati litakuwa zito, mtiki si mchezo."

Nimelisikia neno hilo tangu sijaota meno. Leo lilinipiga sikioni kama geni. Kabati. Ndilo lile lile "cupboard" ambalo Jumatatu darasa zima lilisoma kap-bodi. Na Mwingereza mwenyewe hasemi kap-bodi. P yake imelala, na ile "board" ya mwisho imesinyaa ikabaki sauti fupi isiyo na mkazo. Anachosema kinakaribia sana "kabad". Ondoa d ya mwisho, weka t, ongeza i ili neno lisimame kwa miguu ya Kiswahili, umepata kabati.

Nikamuuliza, "Baba, neno kabati ulilipata wapi?"

"Kwa fundi wangu. Naye kalisikia kwa Wazungu wa mashamba ya mkonge."

"Uliwahi kuliona limeandikwa kwa Kiingereza?"

Akacheka. "Niliishia darasa la nne, mwanangu. Ningeliona wapi?"

Kwa hiyo mzee ambaye hajaliona neno hilo kitabuni analitamka karibu zaidi na wenyewe kuliko watoto wangu 58 wenye kitabu mikononi. Na si kabati peke yake. Njiani kurudi nyumbani nimekuwa nikiyahesabu. Risiti: p haimo. Saini, inayotokana na "sign": g haimo. Stesheni: ile "tion" inayowafanya watoto waseme ti-oni, wazee waliisikia kama sheni, na ndivyo ilivyo. Maneno haya yaliingia kwa sikio, kule stesheni, dukani na mashambani, kabla jicho halijapata nafasi ya kuyaharibu.

Mimi nimekuwa nikifundisha kwa jicho. Naandika ubaoni kwanza, kisha natamka. Jumatatu nitageuza.

Jumatatu, 22 Januari

Nimegeuza. Ubao mtupu, vitabu chini ya madawati. Nikainua kitabu cha risiti nilichoazima dukani, nikauliza hiki ni nini. "Risiti!" Nikawaambia watamke tena, wavute ile "si", kisha wakate irabu ya mwisho. "Risiit." Mara tatu. Hapo ndipo nilipoandika "receipt" ubaoni, nikaizungushia p duara la chaki nyekundu.

Darasa lilitulia kabisa. Mtoto mmoja wa mbele akasema taratibu, "Kumbe tulikuwa tunalijua."

Tukaenda na kabati, saini, stesheni. Neno linasikika kwanza, linakaa mdomoni, ndipo linaandikwa. Kisha nikawapa yasiyo na ndugu katika Kiswahili: "Wednesday" ni wenz-dei, silabi mbili, "vegetable" ni vej-ta-bl, tatu, "comfortable" kwa wengi ni kamf-ta-bl, tatu pia. "Iron" inasikika kama "aian". "Island" ni "ailand". "Determine" inaishia na "min", haimalizwi na "maini" ninayoisikia hata kwa viongozi majukwaani. Na "bury", kuzika, inatamkwa sawasawa na "berry" ya tunda. Hilo la mwisho walilikataa kwanza. Wakaniangalia kama ninayewatania.

Nilimtazama binti wa nyuma. Midomo yake ilikuwa ikicheza pamoja na wenzake, bila sauti.

Alhamisi, 25 Januari

Swali la leo, na nililitarajia: "Mwalimu, kama hawaitamki, kwa nini waliiandika?"

Nimewajibu kwa "debt", deni. Waingereza walilipokea neno hilo kutoka Kifaransa likiwa halina b. Baadaye wasomi waliokisujudia Kilatini wakakumbuka kwamba asili yake ni "debitum", wakaichomeka b ili neno lionekane la ukoo bora. Midomo ya watu haikujali, ikaendelea kusema "det". "Doubt" ilipata b yake vivyo hivyo, na "receipt" p yake. "Island" ina kisa cha kusikitisha zaidi, kwani s yake ni ya kudhaniwa tu. Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale na halikuwa na s. Liliazimwa herufi kutoka "isle", lisilo na undugu nalo.

Kwa "knife" ni kinyume chake. Hiyo k ilitamkwa kweli zamani, ikafa mdomoni ikabaki kwenye karatasi. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, na vitabu vilipozidi kuchapwa tahajia ikaanza kuganda, wakati sauti zilikuwa bado zinatembea. Irabu ndefu za Kiingereza ziliendelea kuhama kwa karne nzima na zaidi baada ya hapo. Ndiyo maana herufi zinaonyesha lugha ya watu waliokwisha kufa.

Nikawaeleza pia kwamba Shakespeare, katika tamthilia yake ya Love's Labour's Lost, ana mwalimu aitwaye Holofernes anayelalamika kwamba watu wanatamka "debt" na "doubt" bila b. Mwalimu mzima anataka b isikike! Kwa hiyo mjadala huu wetu uliwahi kupandishwa jukwaani London zaidi ya miaka 400 iliyopita. Nilipenda nyuso zao niliposema hivyo. Waliona kosa lao si la ujinga wa Mwafrika.

Jumanne, 30 Januari

Mkazo. Sehemu ninayoipenda kuliko zote, na inayopuuzwa kuliko zote.

Nimeandika ubaoni "barabara" mara mbili. Gari linapita bara-BA-ra. Kazi imefanyika ba-RA-bara. Herufi zile zile, mkazo umehama, maana imebadilika. Watoto wanalijua hilo bila kufundishwa. Nikawauliza, sasa "record" je? RE-cord ni kumbukumbu au sahani ya muziki, re-CORD ni tendo la kurekodi. "Present" na "import" zinafanya vivyo hivyo. Kiingereza kina maneno mengi ya namna ya barabara, basi.

Kisha nikawaonyesha kwamba hata mkazo wetu hutembea: PI-ga, pi-GA-na, piga-NI-sha. Unafuata silabi ya pili kutoka mwisho popote inapokwenda, isipokuwa kwa wachache wakaidi kama Alhamisi. Mkazo wa Kiingereza nao hutembea, ila hauna njia moja: PHO-to-graph, pho-TO-gra-pher, pho-to-GRA-phic. Lazima ujifunze kila neno pamoja na mahali pake pa mkazo, kama unavyojifunza nomino pamoja na ngeli yake. Mtu akisema de-ve-LOP badala ya de-VE-lop, msikilizaji hukwama zaidi kuliko anapokosea sauti moja. Nimewahi kuliona hilo kwa wageni waliotembelea shule. Mwanafunzi alisema maneno sahihi tupu na hawakumwelewa, kwa mkazo tu.

Ijumaa, 2 Februari

"Hat", "hut", "heart", "hurt". Kofia, kibanda, moyo, umia. Nimeyatamka manne, darasa likaandika "hati" mara nne.

Siwalaumu. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa sauti za irabu zipatazo 20, zote zinagombania herufi 5 zile zile. Sikio lililolelewa na irabu 5 linazipanga hizo 20 kwenye makapu yake matano. Ya "hurt" ndiyo ngumu kuliko zote, hatuna kapu lake. Nilihangaika nayo jana usiku hadi nikapata msaada kwa wazee tena. Nesi ni "nurse". Shati ni "shirt". Kwa Mwingereza irabu ya maneno hayo mawili ni moja, ila sisi tuliipokea mara e, mara a, kwa sababu inakaa katikati. Basi nikawaambia: sema e ya nesi, anza kusogea kuelekea a ya shati, simama njiani, midomo isitanuke, ivute. Nilipita na kioo kidogo dawati hadi dawati, kila mmoja ajione. Kumi hivi waliipata. Wengine watafika.

Ya th ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Anayesema thelathini na methali barabara anayo tayari ya "three". Anayesema dhahabu na fedha anayo ya "this". Wenye shida ni wale wanaosema "selasini" na "zahabu", nao hao nimewaanzishia Kiswahili kwanza.

Mwenzangu mmoja chumba cha walimu ameniambia ninawatesa watoto, kwamba tuna lafudhi yetu na hatupaswi kuionea haya. Nakubaliana naye kuhusu lafudhi. Sitaki mtoto yeyote wa Tanga aongee kama aliyezaliwa London, na sitamkosoa kwa r yake wala kwa mwendo wake. Lakini lafudhi ni kitu kimoja, na kutojua kwamba "debt" haina b mdomoni ni kitu kingine. La kwanza ni utu wake. La pili ni habari aliyonyimwa, na mimi ndiye mwenye wajibu wa kumpa, kwa upole, kabla hajakaa mbele ya watu watakaotabasamu wakamwacha aondoke. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 5 Februari

Kifungu kile kile cha siku ya kwanza. Sikumwita binti wa nyuma. Aliinua mkono mwenyewe.

Alisoma polepole kuliko siku ile. Kwenye "cupboard" alisimama kidogo, nikamwona anajisemea kabati kimoyomoyo, kisha akasema "kabad". "Vegetables" ikaja na silabi zake tatu. "Knife" bila k. Mmoja wa wale wavulana wawili alikuwa amemgeukia, anamsikiliza, hacheki.

Alipomaliza hakuketi. "Mwalimu, nina swali. 'Bomb' kwetu ni bomu, b ya mwisho haisikiki. Sasa 'comb' ni komu, na 'tomb' ni tomu?"

B hazisikiki kweli, kote kuwili. Lakini "comb" ni "koum", na "tomb" ni "tuum", u ndefu, kama kwamba o haipo kabisa. Nilimwambia hivyo. Akaniangalia kwa muda, akauliza kwa nini yasifanane na yanaandikwa sawa. Sikuwa na kanuni ya kumpa. Nikamwambia ayaseme yote matatu, mara tatu tatu, bila kuyaandika.

Akaanza. Darasa likamfuata.