Jina Tulilompa Wenyewe



Binti yetu alizaliwa mnene, mashavu yamejaa, mikono imefanya mikunjo. Siku ya akika jamaa walimpokezana wakisema mashaallah, nasi ndio tuliomwita Kibonge. Jina likakaa. Alipoanza chuo, alipokhitimu Juzuu Amma, hata alipovaa buibui, tulikuwa tukiingia nyumbani twauliza, "Kibonge yu wapi?" naye huja mbio kutupokea kikapu.

Mwaka jana, akiwa na miaka 14, alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Tulifurahi furaha kubwa. Akaongeza zile siku tatu za mwezi mpevu, kisha akashika saumu ya Nabii Daud, leo afunga kesho ala. Tulimsifu mpaka darsani baina ya Magharibi na Isha. Hatukumtaja jina, lakini nani asiyejua ni mtoto wa nani?

Mwisho wa Mfungo Sita mama yake alituambia, "Huyu mtoto tangu Idi ya kuchinja hajaacha kuswali hata siku moja."

Tukasema, "Alhamdulillahi."

Akatutazama kwa muda. "Msichana aliyevunja ungo, miezi mitatu hazioni siku zake, nawe wasema alhamdulillahi?"

Hapo ndipo alipotueleza aliyokuwa akiyaona peke yake. Fundi wa kushona alikuwa amelipunguza mara mbili gauni la harusi ya binamu yake. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana. Jioni za funga alikuwa akifungua kwa tende moja na maji, kisha kaimati anazifunga kwenye karatasi na kuwapa paka wa uani. Saa hiyo sisi tuko msikitini tukiisifu funga yake.

Daktari alituambia kwamba mwili ulionyimwa chakula huweza kuzifunga siku hizo, na kwamba mtoto ahitaji kula, na ahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Tulikuwa tukidhani buibui limeyamaliza mambo hayo. Msichana asiyeonekana na watu njiani, kioo kitamdhuru nini? Tulisahau kwamba buibui huvuliwa mlangoni. Usiku wa harusi, wanawake watupu, huko ndiko nguo zinakotazamwa na viuno vikapimwa kwa macho, na simu nayo haina mlango. Na sisi watu wa pwani, tuseme kweli, salamu zetu zenyewe ni za miili. "Mbona umekonda hivyo, wauguaje?" "Mashaallah, umenenepa!" Hata habari za nyumbani hazijaulizwa. Bibi zetu walimsifu mtu kwa unene, wajukuu wao wasifiwa kwa wembamba, na mtoto amesimama katikati, asikia yote mawili.

Usiku ule tulimwita, tukaanza kumsomesha habari za nia, kwamba ibada bila nia safi haina thamani. Mama yake akatuashiria kwa mkono tunyamaze. Tukanyamaza. Kimya kikawa kirefu, hata tukaanza kujutia kumwita. Kisha binti akauliza, macho yako mkekani, "Baba, sasa je? Bado mimi ni Kibonge?"

Hatukuwa na jibu.

Aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza kubezana na kuitana majina ya kejeli, tumeifasiri mara nyingi tusizoweza kuzihesabu. Siku zote tulikuwa tukiwafikiria mahasimu, au vijana wa barazani. Usiku ule, na Mwenyezi Mungu atusamehe, tulijitafutia kichaka cha kujificha. Tukasema moyoni kwamba hata miongoni mwa wapokezi wa hadithi wamo walioitwa kwa kasoro zao, kama al-A'mash, mwenye macho dhaifu, na al-A'raj, aliyechechemea, na wanazuoni wameliruhusu hilo. Lakini wameliruhusu kwa ajili ya kumtambulisha mtu, wala si kwa kumwudhi. Sisi hatukuwahi kumwuliza mtoto kama jina lamuudhi. Tuliona ajapo mbio, tukaridhika.

Na liko jingine, ambalo kwetu ni zito zaidi. Tangu binti yetu avunje ungo, tulikuwa tumeuondoa mkono wetu kwake. Zamani alikuwa akilala pajani petu tukisoma. Ghafula ikawa ni kutubusu mkono asubuhi, basi. Sharia haikutuamuru hivyo, kwani baba ni maharimu wa bintiye. Ni mazoea na kuona aibu, tukayaita haya. Mwili wake ulipoanza kubadilika, naye hajui aupendeje, baba yake akasogea mbali, na katika mapenzi yote ya utotoni hakumbakishia ila lile jina.

Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Bi Fatma (r.a.) alipokuwa akiingia kwa Mtume (s.a.w.), Mtume alikuwa akimwinukia, akimshika mkono, akimbusu na kumketisha mahali pake. Tumeisimulia habari hiyo katika Maulidi kwa kubainisha cheo cha Bi Fatma. Hatukuwa tumeizingatia kuwa ni habari ya baba na binti aliyekwisha kuwa mtu mzima.

Funga za sunna tumemzuia, kwa kanuni ya kuondoa madhara. Alilia. Kumzuia mtoto ibada ni jambo ambalo hatukupata kulifikiria maishani, na ulimi ulikuwa mzito. Siku nyingine hula nusu sahani, siku nyingine paka wangali wapata fungu lao. Tumemwomba ruhusa ya kuandika haya, akatupa kwa sharti moja, kwamba tusiseme amekwisha pona.

Siku ya kwanza tuliyomwinukia alikuwa ameleta kahawa. Akasimama na sinia mlangoni. "Baba, watoka?"

"Sitoki. Njoo ukae hapa."

Akaweka sinia chini, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, tukasogea.