Kufundisha Alama Maalumu katika Kazi ya Kubadili Maandishi

Walimu wengi wa somo la kompyuta hutumia vipindi vingi kufundisha namna ya kutafuta maandishi kwa ruwaza, kisha hupita haraka juu ya sehemu ya pili, yaani kibadala kinachowekwa mahali pa maandishi yaliyopatikana. Kwa uzoefu wangu, hapo ndipo wanachuo wengi hukwama.

Tuchukue mfano wa sed, programu iliyotungwa na Lee McMahon katika maabara ya Bell, Marekani, miaka ya 1973 na 1974. Mwanachuo mmoja alikuwa na barua ya shukrani yenye neno MFADHILI, akataka mahali pake pakae jina la duka. Aliandika hivi:

s/MFADHILI/Juma & Wanawe/

Akapata "Juma MFADHILI Wanawe". Alirudia mara tatu, kisha akasema, "Mwalimu, mashine hii imenikataa."

Sikumpa jibu. Niliwauliza wenzake: mwalimu wa darasa la kwanza akisema, "Andika jina lako", na mtoto akaandika maneno "jina lako", kosa liko wapi? Walicheka, kisha wakaeleza wenyewe kwamba mtoto ameyachukua maneno kama yalivyo, badala ya kile kinachotajwa nayo. Mashine ilifanya kinyume: mwanachuo alikusudia alama yenyewe, nayo ikachukua kinachotajwa. Katika kibadala cha sed, alama ya & husimamia maandishi yote yaliyopatikana. Mkwaju wa nyuma ukitangulizwa, alama huchukuliwa kama ilivyo:

s/MFADHILI/Juma \& Wanawe/

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchora safu mbili. Upande wa kutafuta, nukta humaanisha herufi yoyote. Upande wa kibadala, ni nukta tu. Alama ya & ni kinyume chake. Mkwaju unaotenga pande hizo nao hulindwa, hivyo tarehe 12/5 huandikwa 12\/5.

Wapo wakufunzi wanaoshauri mkwaju wa nyuma utangulizwe kila mahali kwa usalama. Ushauri huo haufai. Mkwaju huo huiondolea & kazi yake, lakini huipa tarakimu 1 kazi mpya, kwani \1 hutaja kundi la kwanza la ruwaza. Tena katika JavaScript alama yenye kazi katika kibadala ni ya dola, nayo hulindwa kwa kuandikwa mara mbili: $$ hutoa $ moja.

Mwanachuo aliyekariri kanuni ya sed atashindwa akihamia lugha nyingine, na wanafunzi wake watashindwa pamoja naye. Yafaa basi tumzoeze kuuliza kila mara: alama hii, mahali hapa, inajitaja yenyewe au inataja kitu kingine? Kisha ajaribu jibu lake kwa mstari mmoja kabla ya kugusa orodha nzima ya majina ya shule.