Daftari Lilisema Maji Sawa

Ndugu msomaji, labda wewe huna motokaa, na labda hutazamii kuwa nayo. Lakini usiufunue ukurasa huu upesi. Katika vijiji vyetu gari moja kuukuu huwa la watu wote. Leo hubeba simenti ya kigango, kesho wanakwaya, keshokutwa maiti, na usiku wowote ule laweza kugongewa hodi kwa ajili ya mama aliyeshikwa na uchungu. Basi habari ya gari la namna hiyo ni habari yako pia.

Mimi ni karani wa parokia katika wilaya ya Handeni. Watu huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisoma Chuo cha Ualimu Korogwe. Cheti ninacho, darasa sina. Kazi niliyopata ni ya kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kupokea zaka, na kuendesha gari la parokia kila Paroko anapokuwa na kazi nyingine. Gari lenyewe ni Land Rover ya mwaka 1978, ya dizeli. Aina hiyo ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, kwa hiyo gari letu limenizidi umri, nami huliheshimu kama kaka.

Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa watu huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, vita vikuu vilipokuwa vimekwisha karibuni. Wakati ule chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, ndiyo maana mabati ya nje waliyafanya ya aluminiamu. Kwa sababu hiyo mwili wa gari kuukuu la aina hii hauli kutu, na watu hudanganyika wakidhani lote ni zima. Chasisi yake ni ya chuma, nayo hulika taratibu kwa ndani. Hata mimi nilidanganyika, si kwa chasisi, bali kwa maji.

Paroko alikuwa ameniwekea daftari la gari. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, ilinipasa kutazama oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, mkanda wa feni na magurudumu, kisha kuandika. Mwezi wa kwanza nilifanya hivyo kwa bidii. Mwezi wa pili nilianza kutazama oili tu. Mwezi wa tatu, nakiri mbele yenu, nilikuwa naandika nikiwa ofisini, chai iko mezani, bila kufungua hata boneti. Oili: sawa. Maji: sawa. Breki: sawa. Mwandiko wangu ni wa chuo, umelala vizuri kwenye mistari.

Tena siku chache nilizoongeza maji, niliyatia ya kisima chetu. Anayeijua Handeni anajua taabu yetu ya maji tangu enzi za babu zetu. Tunaishi kwa malambo, kwa visima, na kwa mvua inayokuja ipendapo. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Ukiyachemsha siku nyingi katika sufuria moja utaona ukoko mweupe umeshika ndani. Mke wangu huukwangua kwa kijiko kila mara. Mimi nilikuwa nikimwona akikwangua, na sikuwaza hata mara moja kwamba rejeta nayo ni sufuria, ila haina mtu wa kuikwangua.

Usiku mmoja katika msimu wa mavuno, yapata saa nne, mzee mmoja alikuja mbio na baiskeli. Mke wa mwanawe alikuwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto hatoki, na mkunga wa zahanati amesema apelekwe hospitali ya Handeni bila kukawia. Paroko alikuwa safarini. Nilichukua ufunguo, tukampakia mama yule juu ya godoro, pamoja na mama yake mzazi na dada mmoja wa kumshika mkono. Tulitoka kwenye njia ya vumbi tukaingia barabara kuu karibu na Sindeni.

Barabara ya Korogwe kwenda Handeni siku hizi ni ya lami, kama kilometa 65. Korogwe iko chini kwenye bonde la mto Pangani, na Handeni iko juu zaidi, kwa hiyo aendaye Handeni anapanda. Gari kuukuu lenye mzigo hujua kupanda huko hata kama dereva hajui. Nilikuwa nimekanyaga mafuta kwa nguvu, maana nyuma yangu nilisikia sauti ambayo mwanamume akiisikia mara moja haisahau. Sikutazama geji ya joto. Nilipoitazama, mshale ulikuwa umelala upande wa mwisho, na moshi mweupe unatoka kwenye boneti. Hatujafika hata Misima. Injini ikapungua nguvu, ikagonga, ikazima.

Giza. Hakuna nyumba. Nilimulika kwa tochi ya simu nikaona mpira wa chini wa rejeta umepasuka. Niliufunga kwa kitambaa na kipande cha tyubu, kisha nikaenda nyuma kuuliza kama kuna maji. Yule mama mzazi alikuwa na dumu la lita tano, maji ya kunywa ya binti yake. Aliniangalia.

"Mwalimu, haya ni ya mwanangu."

"Najua, mama. Bila haya hatufiki."

Alinipa. Nilisubiri kidogo, lakini si vya kutosha, nikayatia. Msomaji, yale maji yote yalipita katika kile kitambaa yakamwagika chini ya gari, na mchanga ukayanywa. Hata tone moja halikubaki la kumlowesha mgonjwa midomo.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Lori la mahindi lililokuwa likipanda lilisimama, dereva na utingo wakaondoa magunia kadhaa na kuyaacha kando ya njia chini ya ulinzi wangu, wakamlaza mama yule, wakaenda. Sikuwajua, wala hawakutaja malipo. Nilibaki na magunia na gari hadi kulipokucha. Hospitalini alipasuliwa. Mtoto wa kike alitoka mzima, lakini mama yake alilala kitandani siku nyingi, na kwa muda watu wa nyumba ile walikuwa hawana hakika naye. Alipona.

Paroko aliporudi, alifungua daftari. Alisoma ukurasa, akafunua wa nyuma, akafunua mwingine. Maji: sawa. Maji: sawa. Hata ile asubuhi yenyewe, maji: sawa. Alilifunga polepole akasema, "Karani, mwandiko wako ni mzuri sana." Hakusema zaidi. Afadhali angenipiga.

Gari lilivutwa hadi uwanja wa parokia, likawekwa chini ya mwembe. Huko Korogwe yuko mzee mmoja fundi niliyemfahamu tangu nikiwa mwanachuo, maana karakana yake ilikuwa njiani kwetu kwenda sokoni. Nilikwenda kwake nikamwamkia, shikamoo mzee, nikamweleza yote bila kuficha. Akasema, "Marahaba mwanangu. Nitakuja, lakini kazi utafanya wewe. Mimi nitakaa kitini." Na kweli alikuja kwa basi, akakaa kitini siku tatu.

Jambo la kwanza alilofanya ni kunikataza kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Alinituma nitafute magogo mawili ya mvule, akayaweka chini ya chasisi, akalisukuma gari kwa bega kabla ya kuniruhusu. Alisema amewazika wawili aliowafahamu, wote kwa jeki.

Tulifungua rejeta tukaipeleka Korogwe kwa mchomeleaji. Aliondoa tangi la juu, nami nikachungulia. Vile vijibomba vyembamba ambamo maji hushuka yakipigwa na upepo wa feni, zaidi ya nusu vilikuwa vimeziba kwa ule ukoko mweupe uliochanganyika na kutu. Alivizibua kimoja kimoja kwa waya bapa. Mzee aliniuliza kama nilikuwa nimetia yai au bizari humo. Nikasema hapana, basi akashukuru, maana wako madereva wanaoziba tundu la rejeta kwa yai, na tundu huziba kweli, pamoja na vijibomba vyote.

Kisha akauliza iko wapi themostati. Hii ni valvu ndogo inayokaa palipo na njia ya maji kutoka kwenye injini. Injini ikiwa baridi, hufunga, ili ipate joto upesi. Joto likifika karibu nyuzi 80, hufunguka na maji huzunguka hadi kwenye rejeta. Ya kwetu haikuwapo, mtu aliitoa miaka iliyopita. Mafundi wengi wa mijini hufanya hivyo wakidhani wanaipunguzia injini joto. Lakini injini inayofanya kazi ikiwa baridi hunywa mafuta zaidi na kulika upesi, na ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba, hufichika hadi siku ya mlima na mzigo. Tulinunua mpya. Tulinunua na kofia ya rejeta, kwa kuwa ya zamani mpira wake ulikuwa umekakamaa. Nilikuwa nadhani kofia ni kifuniko tu. Kumbe huyabana maji yasichemke upesi. Maji yaliyobanwa huchemka baada ya kupita nyuzi 100, na kofia iliyolegea huyaachia mapema. Ndiyo sababu pia kofia haifunguliwi injini ikiwa moto. Maji yale hukurukia usoni.

Kazi kubwa ilikuwa gasketi ya silinda hedi, iliyoungua usiku ule. Tuliondoa hedi, tukaipima kwa rula ya chuma kama imepinda. Kwa bahati haikupinda wala kupasuka, ingawa nilikuwa nimeimwagia maji baridi ikiwa ya moto, jambo ambalo lingeweza kuipasua vipande. Nilisafisha kwa mkono tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wakati wa kufunga, Mzee alinionya nisikaze boliti moja hadi mwisho nikahamia nyingine. Zinaanza za katikati, kisha kwenda nje huku na huku, na zote hukazwa mara ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu hadi kipimo.

Halafu akanifundisha jambo lililonipendeza kuliko yote, pengine kwa kuwa ni hesabu na mimi ni mwalimu. Injini hii ina valvu 8, zikihesabiwa toka mbele. Kupima nafasi ya tapeti, ambayo ni robo milimita, huzungusha injini kwa mkono hadi valvu moja ifunguke kabisa, kisha unapima ile ambayo ukiijumlisha na hiyo unapata 9. Ya 8 ikiwa wazi, unapima ya 1. Ya 6 ikiwa wazi, unapima ya 3. Ya 4, unapima ya 5. Nilimwambia Mzee ningejua hili darasani, wanafunzi wangu wangependa kujumlisha. Akacheka, akasema yeye hakufika darasa la tano.

Gari liliwaka jioni ya siku ya tatu. Mzee alilala kwetu, akala ugali na samaki wa mto Pangani aliokuja nao mwenyewe, na asubuhi akapanda basi. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya gasketi.

Tangu hapo maji ya kisima hayaingii katika Land Rover. Tumeweka bomba la bati kwenye paa la kanisa, mvua ikinyesha tunakinga katika tangi, na dumu moja lililoandikwa GARI limewekwa sakristia ya nje lisichotwe na wapishi. Maji ya mvua hayana ule ukoko. Nayachanganya na kulanti ya dukani kwa kadiri iliyoandikwa kwenye kopo, maana hiyo huzuia kutu. Mipira ya rejeta naibonyeza kwa vidole kila Jumamosi. Ikiwa laini kama embe bovu, au ikilia kama jani kavu, hiyo imekwisha, hata kama haijavuja. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, natazama kwanza chini ya gari kama kuna tone jipya, kisha nafungua boneti. Kazi yote haifiki robo saa. Daftari silipeleki ofisini tena. Limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa gari pamoja na kalamu, nami naandika nikiwa nimesimama, mkono ukiwa bado na oili. Kurasa zimechafuka. Paroko hajasifu mwandiko wangu tena.

Yule bibi aliyenipa dumu la maji husali kigango cha kwetu. Mjukuu wake sasa anatembea. Jumapili baada ya Misa, watu wakiamkiana uwanjani, yeye hunijia moja kwa moja na mtoto mgongoni, hata kabla sijamwamkia.

"Mwalimu, umeyaangalia maji?"

"Nimeyaangalia, mama."

"Nionyeshe."

Basi nafungua boneti mbele ya watu, nagusa rejeta kwanza kuona kama imepoa, nafungua kofia, naye anainama kuchungulia, mtoto akichungulia begani kwake.