Mwalimu Asiye na Ng'ombe

Baba yangu mkubwa alifuga ng'ombe wa maziwa katika milima ya Masisi, huko Kivu ya Kaskazini, tena alikuwa mwalimu wa wafugaji wenzake. Neno asilolitenda zizini mwake hakuthubutu kulifundisha zizini mwa mwingine. Ndama anyonye dang'a ndani ya saa 6 za kwanza. Kiwele kioshwe kwa maji safi. Maziwa yachemshwe, maana ng'ombe mgonjwa aweza kumwambukiza mnywaji. Matete aliyapanda kwa kukingama na mteremko, yashike udongo na kulisha mifugo.

Mwaka 1996 vita vikamnyang'anya ng'ombe wote. Tulidhani sasa atanyamaza. Kumbe alitwaa ndoo yake, akaenda kwa mjane aliyebakiwa na ng'ombe mmoja, akamfundisha kumtunza na kumkama. Akarudi ndoo tupu: maziwa, alisema, ni ya watoto wa mama yule.

Leo amepumzika kaburini. Mali huporwa, maarifa yaliyogawiwa kwa upendo hayana mporaji. Nanyi wanafunzi wapendwa, jambo jema mlilojifunza msilifungie daftarini. Lipelekeni kwa jirani.