Mitihani ya Koko

Mjukuu wa dada yangu anasoma chuo kikuu. Juzi alikuja kwetu Enguserosambu na karatasi ya maneno mia, ile orodha ya Swadesh wanayoijua watu wa isimu, na mbele ya kila neno kuna visanduku viwili: anajua, hajui. Alitaka kupima Kimaasai cha watoto wetu. Alipoingia bomani hakuinamisha kichwa aguswe na wazee. Aliwapungia mkono, akauliza nani aanze. Nimekereka tangu siku ile, na si yeye tu aliyenikera.

Sisi, tulipokuwa watoto, tulipimwa jioni, mifugo ikirudi. Koko, yaani bibi yetu, alikaa mlangoni akifukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, anakisukuma ndani, anakizungusha, anakung'uta majivu. Moshi ule ulishika nguo na nywele, na kesho yake asubuhi ulikuwa ndio ladha ya maziwa. Mikono ikiwa kazini, alinyoosha kidevu kuelekea zizini: yule nani? Kusema ng'ombe mwekundu ilikuwa kufeli. Ulitakiwa kutaja rangi yake kama ni mugie, sambu, keri, arus au pus, pembe zake zimekaaje, mama yake ni yupi, alitoka kwa nani na kwa sababu gani. Ukikosea hukupewa jibu. Ulirudishwa zizini ukamtazame tena, na giza linaingia. Orodha ya Swadesh ina rangi tano tu.

Mtihani mwingine haukutangazwa. Mgeni akitokeza kutoka msituni, kwenye mitarakwa, koko alinyamaza akatega sikio. Sisi wasichana tulisogea, tukainamisha kichwa, tukangoja mkono utue. Tukisalimiwa Takwenya ndipo tulijibu Iko. Aliyeharakisha alirudia mbele ya mgeni huyo huyo, na maziwa yake yakasubiri. Hakuna aliyefundishwa kwa kukaririshwa. Tulijifunza kwa kuwa kila jibu lilikuwa na mtu upande wa pili, na mtu huyo aliridhika au alichukizwa waziwazi.

Shule ilikuja na kipimo chake. Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa mwaka 1973, na Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ikatuzoa mwaka 1977. Nimeihakiki miaka hiyo, ingawa kwetu muda uliendelea kuhesabiwa kwa rika na ukame. Darasani Kimaasai kikawa kosa: aliyesikika akikisema alivaa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa. Kiswahili nilikipenda na ninakipenda hadi leo, lakini hakikuhitaji kuingia kwetu kwa kumwaibisha mtoto. Baadaye mambo yalikwenda mbio. Ada zikaondolewa, madarasa yakafurika, na mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba, wa kuchagua herufi, ukaanza kusahihishwa kwa mashine. Mtoto akaweza kufaulu lugha bila kuunda sentensi moja ya kwake.

Chuoni nilitarajia nafuu. Mjukuu huyu amesoma Dell Hymes, mwanaisimu aliyesisitiza tangu miaka ya 1960 kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua umwambie nani, lini na kwa namna gani. Aliniandikia dhana hiyo vizuri kabisa kwenye daftari, kama alivyoiandika kwenye mtihani akapata alama za juu. Wazee walikuwa bado wameketi nje, hajawasalimu.

Tulitoka pamoja tukaanza upya. Kisha nikamwambia apeleke ombi kwa mhadhiri wake: nusu ya alama za kozi zitoke bomani. Mwanafunzi afike, asalimu, asikilize shauri la malisho mpaka mwisho, halafu awasimulie wazee nani alisema nini na alikuwa akimjibu nani. Wamkosoe hapo hapo. Sauti irekodiwe, mhadhiri naye asikilize, na muhula ukikaribia kwisha arudi kwa wazee wale wale wamsikilize tena. Akina mama wa hapa wamekubali kusahihisha, ila wanataka wanafunzi waje baada ya mvua, wakati maziwa yapo.