Seva ya Kebirigo Ilipokataa Kutufungulia

Ukimya wangu wa siku hizi una sababu, na sababu yenyewe inatosha kiganjani. Ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyokaa juu ya kabati la vyombo katika nyumba moja kule Kebirigo, hapa kwetu Nyamira. Kazi yake ni kutunza hesabu za chama cha akina mama wakulima wa chai. Michango, mikopo, faini za kuchelewa, vyote vimo ndani ya hifadhidata ya MariaDB. Kijana aliyeiandika programu alishahamia Nairobi zamani.

Usiku mmoja umeme ukapotea na kurudi mara tatu, kadi ya SD ikafa. Wakanunua kadi mpya, jirani mmoja akaweka kila kitu upya na kurudisha nakala ya akiba kutoka kwenye flashi. Tangu hapo kila aliyefungua ukurasa wa chama alipokelewa na mstari huu:

Access denied for user 'chama'@'localhost'

Yaani huingii. Na msimu wenyewe ni wa bonasi ya chai, wakati ambapo kila mtu anataka kujua anadai nini na anadaiwa nini. Sokoni maneno yalishaanza: kompyuta imekula pesa, na kwa kuwa kompyuta haina mdomo, aliyekula ni mweka hazina. Ndipo nikaitwa.

Haya, tuanze na mstari wenyewe, maana watu wengi huuona wakakimbilia kufuta kila kitu. Kama seva ingekuwa imezima, ungepata kosa namba 2002, kwamba haipatikani. Hili letu ni namba 1045. Maana yake seva iko macho, imekusikia, imekukataa. Haikuambii kama neno la siri ni baya au kama mtumiaji huyo hayupo kabisa. Ujumbe ni ule ule kwa makosa yote mawili, na ni makusudi, ili mgeni asijue amekosea wapi.

Kurasa nyingi za zamani mtandaoni zitakushauri uiwashe seva kwa --skip-grant-tables, ili kila mtu aingie bila kuulizwa. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo haujulikani uliko, tena nyumba ina pesa za watu. Na hapa haikuhitajika. Kwenye Debian na ndugu zake, root wa MariaDB haulizwi neno la siri. Seva inauliza mfumo wa kompyuta wewe ni nani, basi. Tangu toleo la 10.4, la mwaka 2019, huo ndio utaratibu wa kawaida wa MariaDB. Kwa hiyo:

sudo mariadb
SELECT user, host FROM mysql.user;

Orodha ikatoka: root na watumiaji wa mfumo. Chama hayumo. Lakini nilipotazama majedwali, michango yote ilikuwepo, mstari kwa mstari. Siri ni kwamba watumiaji hawakai pamoja na data yako. Wanakaa kwenye hifadhidata nyingine iitwayo mysql, na nakala ya flashi ilikuwa ya hifadhidata ya chama peke yake. Mali ilirudi, ila bawabu hakurudishiwa orodha ya wenye nyumba.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: kwa MariaDB, mtu si jina tu, ni jina na anakotokea. 'chama'@'localhost' na 'chama'@'192.168.1.7' ni watu wawili, kama Moraa wa Kebirigo na Moraa wa Keroka. Programu yetu iko kwenye mashine ile ile, hivyo localhost inatosha. Neno la siri nililikuta kwenye faili la mipangilio la programu, nikalitumia hilo hilo:

CREATE USER 'chama'@'localhost' IDENTIFIED BY '...';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON chama.* TO 'chama'@'localhost';

Sikutoa GRANT ALL, tena kwa '%', kama wanavyopenda wengi. Programu ya kuandika michango haina haja ya uwezo wa kufuta majedwali. Wala FLUSH PRIVILEGES haihitajiki baada ya amri hizi, ingawa watu huiandika kama vile ni amina.

Ukurasa ukafunguka. Mweka hazina hakushangilia. Alitoa daftari lake la mkono, akavaa miwani, akasema, "Mwanangu, nisomee kuanzia mwezi wa kwanza." Tukasoma. Zilikuwa sawa hadi Jumapili ya nakala ya mwisho. Kadi ilikufa Alhamisi. Malipo ya siku zile za katikati tukayaingiza moja moja, yeye akilinganisha daftari na jumbe za M-Pesa kwenye simu, akinirudisha nyuma kila nilipoharakisha. Kesho yake akaenda kwenye mkutano na karatasi za kila mwanachama mkononi.

Nimeongeza mstari mmoja kwenye kazi ya usiku ya ile mashine:

mariadb-dump --system=users > watumiaji.sql

Faili hilo linabeba watumiaji na haki zao, na maneno yao ya siri yakiwa yamefumbwa. Bado si la kuachwa ovyo, kwa hiyo flashi sasa inakaa ndani ya sanduku la chama, lile lenye kufuli tatu.